Sura ya Saba: Kasi Iliyopungua

Inspekta aliitupa kalamu mezani, ikabingirika mpaka ukingoni, ikaanguka sakafuni, naye hakuiokota. Mbele yake kulikuwa na hati ya mashtaka iliyokwisha kuchapwa, imebaki saini yake tu. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini asubuhi. Gari la mahabusu lingefika saa tisa alasiri kuwachukua wa kupelekwa gerezani, na Mkuu wa kituo alikuwa ameshasema mara mbili, mara ya pili akiwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, kwamba fundi awemo ndani ya gari hilo.

"Kesi imeiva, Inspekta. Unangoja nini, ipoe?"

"Nangoja niielewe, Mkuu."

"Kuna nini cha kuelewa? Muuguzi alipiga picha za maboksi ya dawa za watoto yaliyoletwa na msambazaji, tarehe zimefutwa na kupigwa mhuri mpya. Picha zikawa kwenye laptopu yake. Laptopu ikaenda kwa fundi. Sisi wenyewe tukaichukua kutoka kibandani kwa fundi, tukaitia kwenye mfuko, tukaipiga lakiri. Wiki tatu baadaye inafunguliwa mbele ya hakimu, diski haina hata herufi moja. Lakiri haikuguswa. Sasa nani mwingine aliyeifungua? Shetani?"

"Shetani hana bisibisi," alisema Inspekta.

"Basi saini." Mkuu akavaa kofia yake akaondoka.

Inspekta hakusaini. Kituoni walimwita Bi Moto, lakini nyuma ya mgongo wake, maana hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumwita hivyo usoni. Miaka kumi na sita alikuwa akiwatia watu ndani, na hakuna kilichomkera kama kesi inayokwenda vizuri kupita kiasi. Aliagiza fundi aletwe.

Fundi aliingia na pingu mikononi, shati limechafuka kolani, miwani imefungwa uzi mweusi sikio la kushoto. Siku kumi na moja za mahabusu zilikuwa zimemla mashavu. Alikaa bila kuambiwa.

"Picha ziko wapi?" Inspekta aliuliza.

"Mungu wangu! Tena?"

"Tena. Na kesho tena."

"Afande, hilo swali nimelijibu mpaka ulimi umeota sugu. Sizijui, sikuziona, sikuzitafuta. Mwenye mashine alisema inamchelewesha. Nilifungua mfuniko wa chini, nikaongeza ramu, ile kumbukumbu inayoipa mashine wepesi, nikafunga. Vitu vya watu vilivyomo ndani mimi siviingii. Hiyo si kazi yangu."

"Nani alikutuma?"

Fundi alizipiga pingu juu ya meza, kikombe cha chai kikaruka. Askari wa mlangoni akasogea, Inspekta akamzuia kwa kidole.

"Siku kumi na moja!" fundi alifoka. "Siku kumi na moja mnanikalia kooni, picha, picha, picha! Mimi ni mpiga picha? Hakuna hata mmoja wenu, hata mmoja, aliyeniuliza kuhusu mashine yenyewe. Niulizeni kitu ninachokijua!"

Maneno hayo yalimchoma Inspekta, tena yalimchoma kwa sababu yalikuwa kweli. Alilipitia faili kichwani, ukurasa baada ya ukurasa. Maswali sabini na kitu, na yote yalihusu picha.

"Haya," alisema. "Unajua nini?"

"Ileteni hapa, nitawaambia."

Iliyoleta laptopu ilikuwa mikono ya Mjomba. Huyu alikuwa sajenti wa stoo ya vielelezo, mwaka mmoja tu kabla ya kustaafu, na kituo kizima kilimwita Mjomba, kuanzia Mkuu mpaka mfagiaji. Ukikosa mwavuli, utapewa na Mjomba. Ukiumwa kichwa, kidonge kiko kwenye droo ya Mjomba. Aliweka mashine mezani, akamsainisha Inspekta kitabu cha kutolea vielelezo, akasimama pale kama mtu anayesubiri kurudishiwa kikombe chake.

"Mnaiwasha ya nini, mwanangu? Si ilishaonekana haina kitu?"

"Iache hapo, Mjomba. Nitakuita."

Mjomba alitoka taratibu. Fundi alisogeza kiti.

"Diski yake imefutwa, kwa hiyo haitaamka sawasawa," alisema. "Lakini mashine inajijua yenyewe hata bila diski. Bonyeza kitufe cha kuwashia, halafu haraka gonga F2. Gonga, gonga, usiogope, si yai hilo. Ehee. Ngoja."

Skrini ya bluu ilijitokeza. Ukurasa ule wa kwanza ulitaja aina ya mashine, namba yake, na chini yake vipimo vyake.

"Nisomee ramu," alisema fundi.

"Kumbukumbu, kumi na sita."

"Sawa. Ilikuwa na nane, nikaongeza nane. Na kasi?"

"Elfu mbili na mia nne."

 Fundi alisimama, pingu zikalia, akainama juu ya skrini mpaka miwani ikakaribia kugusa kioo.

"Siyo," alisema polepole. "Hii siyo niliyoifunga mimi."

"Kaa chini unieleze."

"Afande, ile ya mwanzo ilikuwa ya elfu tatu na mia mbili. Nikatafuta mwenzake wa elfu tatu na mia mbili vile vile, siku mbili nazunguka maduka, kwa sababu ramu mbili ukizifunga pamoja, zote zinakwenda kwa mwendo wa ile ya polepole. Ukifunga punda wawili kwenye mkokoteni mmoja, mmoja mzima na mmoja kachoka, utafika na nani?"

"Na aliyechoka."

"Basi. Humo ndani mtu kaingiza punda aliyechoka. Katoa moja yangu, kaweka kuukuu yake. Na aliyefika kwenye ramu alishafungua mfuniko, na chini ya mfuniko huo huo ndipo diski inapokaa. Basi huenda diski haikufutwa, imebadilishwa, na aliyebadilisha hii ndiye aliyebadilisha ile."

Inspekta alilivuta faili, akatafuta fomu ya kupokelea kielelezo. Ilikuwa imechapwa vizuri, safi, kila kisanduku kimejazwa. Kumbukumbu: 16. Aliisukuma mbele ya fundi.

"Kumi na sita ilipoingia, kumi na sita leo. Inalingana."

"Ukubwa unalingana! Nane kwa nane. Huyo mtu ameangalia ukubwa akasahau kasi. Wengi wanafanya hivyo, wanadhani nane ni nane, imekwisha."

"Au wewe ndiye uliyemfungia muuguzi kuukuu, ukamdanganya ni mpya. Mafundi tunawajua."

Fundi alimtazama kwa macho mekundu. "Haya, nitukane. Lakini yule dada wa mapokezi, mwenye mimba, aliiwasha hii mbele yangu siku ileile. Hakuingia ndani, alisema kielelezo hakiingiwi ndani. Alifungua ukurasa huuhuu, akanakili kila kilichokuwepo. Kwa mkono, si kwa mashine. Nikapewa karatasi ya chini, ya waridi. Iko kwenye daftari."

"Kibanda chako kilipekuliwa. Hakuna daftari la kompyuta lililoonekana."

"Kwa sababu si la kompyuta. Ni la dada yangu, la vipimo vya nguo. Mbele anaandika yeye, nyuma naandika mimi."

*

Dada yake fundi alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, mahali alipokaa siku zote kumi na moja, mkoba mapajani na futi ya kushonea shingoni. Alikuwa mshonaji. Alipomwona Inspekta anakuja alisimama, na mdomo wake ukatangulia kabla ya miguu.

"Mmeshamaliza kumla? Au mmebakiza mifupa?"

"Dada, nahitaji daftari lako la vipimo."

"Ala! Na mimi sasa nimeiba picha? Daftari langu lina viuno vya watu, Afande. Unataka kiuno cha nani?"

"Twende," alisema Inspekta. "Utanitukana njiani."

Na kweli alimtukana njiani. Mitaa miwili yote, mbele ya wauza viatu na wachonga funguo, alimweleza Inspekta mdogo wake ni mtu wa namna gani: kwamba akiokota sindano sakafuni anauliza ni ya nani, kwamba amewahi kumfuata mteja mvua inanyesha kwa sababu ya skrubu moja iliyobaki mezani.  Inspekta alitembea haraka na kuhesabu saa.

Kibanda kilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Upande huu cherehani na vitambaa vimerundikwa. Upande ule meza ya fundi, taa ya kuinamisha, na vifuniko vya chupa vimepangwa mstari, kila kimoja na skrubu zake. Vumbi lilikuwa limeshaanza kukaa juu ya skrubu hizo. Dada mtu alivuta daftari kubwa chini ya cherehani.

"Mpekuzi wenu alilishika," alisema. "Alifungua ukurasa wa kwanza, akakuta nyonga za mke wa daktari wa meno, akacheka, akamwita mwenzake waje wacheke wote. Halafu akalitupa hapo. Huo ndio upekuzi wenu."

 Inspekta alimjua huyo mpekuzi, na alijua watakutana. Aligeuza daftari, akaanza na ukurasa wa mwisho.

Mwandiko ulikuwa mdogo, umebana. Kila mstari ulikuwa na tarehe, mteja, mashine, na alichoweka. Katikati ya ukurasa wa tatu: *Muuguzi wa wodi ya watoto. Ramu 8 na 8. Kasi 3200 zote mbili. Namba za mwisho kwenye lebo: 4417 ya zamani, 9062 mpya. Imejaribiwa, inakwenda 3200.* Na katikati ya kurasa hizo, imekunjwa mara nne, karatasi ya waridi yenye mhuri wa kituo.

Aliikunjua. Koplo wa mapokezi alikuwa na mwandiko wa mwalimu wa darasa la kwanza. Alijaza visanduku vyote, na visanduku vilipomwishia akaendelea pembeni: toleo, namba, kiwango cha betri, saa ya mashine imechelewa dakika nne. Na hapo pembeni, wazi kabisa: *Kasi ya kumbukumbu: 3200.*

Inspekta aliketi juu ya rundo la vitambaa. Aliisoma mara ya pili, kisha akampigia simu koplo nyumbani, alikokuwa kwenye likizo ya uzazi. Mtoto mchanga alikuwa analia karibu na simu.

"Fomu ya laptopu ya muuguzi. Kasi uliiandika wewe?"

"Niliiandika mimi, Afande. Naandika ninachokiona. Mwaka jana Mkuu alinikaripia mbele ya watu kwa kuacha kisanduku kimoja wazi, tangu hapo naandika hata nisichoulizwa."

"Na iliyo kwenye faili imechapwa. Haina kasi."

"Hiyo siyo yangu. Mimi sichapi. Stoo ndiyo inayotoa nakala safi."

Inspekta alikata simu. Asubuhi nzima hasira yake ilikuwa inatafuta pa kutua, na sasa ilikuwa imepapata, na pale palikuwa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Vipi?" dada mtu aliuliza, safari hii kwa sauti ya chini.

"Laptopu ilipofika kituoni ilikuwa nzima, kama alivyoifunga mdogo wako. Imefunguliwa kwetu."

Mshonaji aliipangusa cherehani yake ambayo haikuwa na vumbi. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Mimi nashona nguo, najua."

*

Saa saba na nusu Mkuu alikuwa ameshaisoma karatasi ya waridi mara tatu, na kila mara uso wake ulizidi kukunjamana.

"Daftari ni la dada yake. Anaweza kuwa ameandika jana."

"Daftari, ndiyo. Karatasi je? Huo mhuri nao ameushona dada yake?"

"Inspekta, hasira hasara. Lakiri haikuguswa!"

"Lakiri yenyewe inalala wapi, Mkuu?"

Mkuu aliirudisha karatasi mezani. Lakiri, mshumaa wake na mhuri wake wa shaba, vilikuwa kwenye droo moja tu katika jengo zima, na ufunguo wa droo hiyo ulikuwa na kamba nyekundu, na kamba hiyo ilikuwa kiunoni mwa mtu mmoja.

"Mjomba? Huyo mzee? Huyo aliyenifundisha mimi kufunga mkanda?"

"Ndiye huyo. Twende tukamuulize. Na fundi aje, na bisibisi yake."

Stoo ilikuwa chini, chumba kirefu chenye rafu mpaka darini, baisikeli, mapanga, redio, bahasha za khaki zenye namba. Mjomba alikuwa mezani kwake anacheza karata kwenye laptopu yake mwenyewe, mashine nene ya zamani yenye vibandiko vya matunda alivyobandika bintiye. Aliinuka aliposikia viatu vingi.

"Karibuni. Kuna nini, mbona kama mmekuja kunizika?"

"Izime hiyo, Mjomba, uiwashe tena," alisema Inspekta. "Nataka kuona ukurasa wake wa kwanza."

"Hii? Hii ya karata?"

"Hiyo hiyo."

Inspekta mwenyewe aligonga kitufe. Mashine hii ya kizamani ilichukua muda, ikanung'unika, kisha ikatoa ukurasa wake. Kumbukumbu: 8. Kasi: 2400.

Mkuu alipumua kwa nguvu. "Umeona? Elfu mbili na mia nne. Umemvunjia mzee wa watu heshima bure."

Mjomba alivua kofia akajipangusa paji la uso. Macho yake yalikuwa na machozi, na pengine yalikuwa ya kweli. "Hata mimi, mwanangu? Miaka yote hii?"

Kwa muda mfupi Inspekta aliona fedheha imemkaa puani. Namba ilikuwa pale, haina shaka. Fundi alikohoa mlangoni.

"Afande, huo ni mwendo. Si lebo."

"Sema Kiswahili!" Inspekta alifoka.

"Mashine hiyo ni ya zamani. Mwisho wake ni elfu mbili na mia nne. Hata uifungie ramu ya kasi gani, itakwenda mwendo wake huo huo. Ukimvisha babu viatu vya mkimbiaji, ndiyo atakimbia? Skrini inaonyesha babu anavyotembea. Viatu tutaviona tukimvua."

Mjomba aliweka mkono juu ya laptopu yake. Ulikuwa mkono mpole, kama wa kumtuliza mtoto, lakini haukutoka hapo.

"Hii ni mali yangu binafsi," alisema.

"Toa mkono," alisema Mkuu.

Inspekta alimgeukia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi Mkuu kusema kitu cha maana. Mjomba aliutoa mkono.

Fundi alifunguliwa pingu. Aliipindua mashine, akaomba kifuniko cha chupa, akapewa kifuniko cha wino. Alitoa skrubu saba, akazipanga kwa utaratibu wake, hana haraka, ingawa saa ya ukutani ilionyesha saa nane na dakika ishirini. Mfuniko ulitoka. Alibana kwa vidole viwili, akachomoa kipande chembamba cha kijani, akampa Inspekta bila kukiangalia.

"Soma wewe, Afande. Mimi si nitasema uongo?"

Inspekta alikisogeza kwenye taa. "Nane. Elfu tatu na mia mbili." Aligeuka. "Mkuu, chukua daftari. Ukurasa wa tatu kutoka nyuma. Mstari wa muuguzi, namba ya ramu mpya."

Mkuu alifungua upande usio sahihi, akapambana kwanza na nyonga na mabega, akageuza, akafuata mistari kwa kidole kinene. "Tisa, sifuri, sita, mbili."

"Tisa," alisoma Inspekta kwenye lebo. "Sifuri. Sita. Mbili."

Mjomba alikaa kitini kwake. Kiti kililia.

"Nilirudisha nane," alisema. "Nilitoa nane, nikarudisha nane. Sikumpunguzia mtu kitu."

"Hukumpunguzia mtu kitu!" Inspekta alilipuka, na sauti yake ikafika mpaka ghorofani, kwani baadaye wote walikiri waliisikia. "Mtu amelala sakafuni siku kumi na moja! Watoto wa wodi nzima wanapewa dawa zilizooza, na ushahidi ulikuwa mikononi mwako, mikononi mwako wewe tuliyekuita Mjomba! Umeivunja lakiri ukapiga lakiri mpya, ukachapa nakala safi ukaitupa ya koplo, kisha unaniambia nane kwa nane? Mzee mzima hovyo! Diski iko wapi?"

Mjomba alitazama sakafu.

"Yule msambazaji wa dawa alisema niitumbukize chooni."

"Uliitumbukiza?"

"Nilitaka. Haki ya Mungu, nilifika mpaka mlangoni. Lakini diski nzima kama ile, mwanangu, nzuri kabisa... Nikasema nitamwekea binti yangu akianza chuo. Nikaweka ya kwangu mbovu badala yake."

"Iko wapi?"

"Bahasha ya baisikeli. Ile kesi ya zamani, iliyofungwa. Rafu ya juu."

Mkuu mwenyewe alipanda ngazi. Alipekua bahasha, vumbi likamwangukia mabegani, na hatimaye akashuka na kipande cheusi kisichozidi kidole, kimefungwa kwenye leso safi. Fundi alikisogelea, akasoma lebo, akatingisha kichwa kukubali.

"Ndiyo ya muuguzi. Kama hakuifuta, picha zimo."

"Sijui kufuta," alisema Mjomba. "Ningefutaje?"

Fundi bado alikuwa ameishika laptopu ya karata, imefunguliwa tumbo. Aliigeuza upande huu na huu, akamtazama mzee, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake haikuwa na kelele.

"Unajua hukupata kitu? Mashine yako ilikuwa elfu mbili na mia nne kabla hujaiba, na leo ni elfu mbili na mia nne. Hiyo ramu yangu hapa ilikuwa inalala tu."

Mjomba aliinua uso. "Lakini niliona imekuwa nyepesi," alisema. "Karata zilikuwa zinafunguka haraka."

 Nje honi ya gari la mahabusu ililia mara mbili, ingawa saa tisa ilikuwa bado robo saa. Mkuu alikung'uta vumbi mabegani, akamvuta Inspekta pembeni ya rafu ya mapanga.

"Sikiliza. Fundi tumwachie, diski tunayo, wa dawa tutamkamata. Hili la mzee tulimalize ndani kwa ndani. Mwaka mmoja tu amebakiza."

"Fundi alikuwa amebakiza nini, Mkuu?"

"Usinipandishie sauti."

"Sijapandisha. Nikipandisha utajua." Alizichukua pingu zilizotoka mikononi mwa fundi, zilizokuwa mezani kando ya kifuniko cha wino. "Gari limekuja kuchukua mtu mmoja wa kesi hii. Halirudi tupu."

Akamfunga Mjomba kwa mkono wake mwenyewe. Mzee hakubisha. Alisema tu kwamba pingu ya kushoto inabana, na Inspekta akailegeza jino moja, kisha akajikasirikia kwa kuilegeza.

*

Fomu ya kumtoa fundi ilikuwa na kurasa mbili. Inspekta aliijaza mezani kwake, fundi amesimama mbele yake, dada yake kando, daftari likiwa limebaki kuwa kielelezo. Alipofika mahali pa kusaini alitafuta kalamu yake, akakumbuka, akainama chini ya meza kuiokota. Alipoinuka alimkuta mshonaji amevua futi shingoni na anamzungushia mdogo wake kiunoni, hapohapo ofisini, mbele ya askari.

"Dada, acha, watu wanatazama," fundi alisema.

"Watazame. Inua mikono." Alivuta futi, akasoma, akasoma tena.  "Suruali hii nilikushonea mimi, mwezi uliopita. Kiuno thelathini na nne. Leo thelathini na moja."

Alimgeukia Inspekta, futi imening'inia mkononi.

"Ninyi si mnaandika kila mnachokiona? Andika na hiyo."

Fomu haikuwa na kisanduku cha kitu kama hicho. Inspekta aliisogeza karatasi, akaigeuza upande, akaandika pembeni kwa herufi kubwa, zinazosomeka: *Kiuno alipoingia: 34. Alipotoka: 31.* Kisha akasaini chini yake, akapiga mhuri.